Mama Mkwe Hatikiswi

Injini ya gari la mjomba haikupenda kukaa kitako. Ukifungua boneti na mtu akakanyaga mafuta, uliiona inanyanyuka upande wa kushoto, inachungulia nje kama mwenye nyumba aliyesikia hodi, halafu inajibwaga mahali pake, gubu! Mjomba alisema hizo ni nguvu. "Unaona, mpwa wangu? Hilo fahali." Mimi nilisema mipira imekufa. Lakini mimi ni mtoto wa shule, na kwa mjomba mtoto wa shule ni mtu anayeijua mito yote ya Uingereza na hawezi kumfunga mbuzi kamba.

Lilikuwa gari la boksi-bodi, mbele chuma, nyuma mbao. Alilinunua kwa mzungu mmoja mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyekuwa anarudi kwao. Siku ya kukabidhiana mzungu alicheka sana, mjomba naye akacheka. Sidhani walikuwa wanacheka jambo moja.

Niseme kidogo jinsi ugonjwa wenyewe ulivyokuwa, maana wako watu wanaodhani injini imegundishwa kwenye gari kama sikio kwenye kichwa. Haikugundishwa. Imekaa juu ya miguu minne, na chini ya kila mguu kuna kipande cha mpira mnene, bolti imepita katikati. Mpira ukiwa mzima, injini inatetemeka peke yake huko mbele na waliokaa kwenye viti hawana habari. Mipira ya mjomba ilikuwa imekunywa oili miaka na miaka, imelegea kama ugali uliolala ndani ya mchuzi. Kwa hiyo gari likipanda mlima, injini inajipinda, inavuta na gea, na ile fimbo ya gea inachomoka yenyewe, klap! Hapo gari halina gea, limesimama katikati ya mlima linafikiria. Breki nazo zilikuwa za kuombea.

Hivyo ndivyo lilivyomfanyia mke wa mjomba. Alikuwa anatoka kumpima mtoto mchanga misheni, wakapanda kile kilima kirefu cha barabara kuu, gea ikachomoka, gari likarudi kinyumenyume na kuingia katika shamba la kahawa la watu. Hakuumia mtu. Mke wa mjomba alishuka, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akasema neno moja tu, "Haya," akasimamisha lori la kwanza lililoelekea Tunduma na kwenda zake kwao Chapwa. Mjomba alibaki katikati ya mibuni anamwambia gari maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana daftari hili mwalimu hulikagua.

Nilipofunga shule nikamkuta mjomba huko kwetu Igamba amekonda. Nyumba yake ilikuwa imenyamaza. Alikuwa anajipikia, na alichokuwa anakipika hata mbwa alikinusa kwanza akatafakari. Akanituma Chapwa nikasikilize wakwe wanasemaje.

Nilikwenda kwa baiskeli. Mama mkwe wa mjomba, yule mama aliyemzaa mke wake, kwangu mimi ni bibi, na bibi ana utani. Aliponiona tu akapiga kelele: "Mume wangu huyo! Umekuja kunioa au umekuja kula?"

"Kula kwanza, mke wangu. Kuoa baada ya chakula."

"Awe!" alisema, akikataa kwa neno la ndugu zake wa ng'ambo ya mpaka. "Mume wa hivyo ninaye tayari, amelala ndani."

Nikala. Mke wa mjomba alikuwa anachambua mchele wa Kamsamba mlangoni, mtoto mgongoni. Nikamuuliza kama atarudi. Akasema, "Muulize mama." Basi bibi akatoa masharti yake, na mkono kiunoni:

"Mwambie mkwe hivi. Binti yangu na mjukuu wangu hawapandi kitu kinachoruka. Nitakipanda mimi kwanza. Nitapakata chungu cha togwa, kimejaa, hapa magotini, kutoka Chapwa mpaka juu ya kilima kile kile, na kurudi. Togwa isipomwagika, amchukue mke wake. Ikimwagika, aoe gari lake, tutamletea shanga alivishe."

Sasa hapo kulikuwa na jambo. Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe wake, wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini kama amekumbuka haja. Marufuku hiyo huondolewa siku kina mama wanapomwita mkwe na kumlisha kwa mkono, ndipo midomo inafunguliwa. Mjomba alikuwa bado hajalishwa. Siku aliyopangiwa, gari lilikufa njiani, akafika kesho yake ugali umeshaliwa na wazee. Mchungaji wetu huhubiri kwamba haya ni mambo ya giza. Lakini mama mkwe wake mwenyewe akija ibadani, mchungaji huhubiri akitazama dari.

Kwa hiyo kati ya watu hao wawili mdomo ulikuwa mmoja tu, na mdomo wenyewe wangu. Nani angempa fisi bucha? Wao walinipa.

Mjomba aliposikia masharti alikaa juu ya tairi muda mrefu. Halafu akainuka ghafla kama aliyefunuliwa.

"Kinachocheza ni mpira," alisema. "Si ndiyo? Basi dawa ni kuweka kisichocheza."

"Kipi, mjomba?"

"Mti."

Mti mgumu kuliko yote nyumbani kwetu ulikuwa mchi wa mama yangu, ambaye ni dada yake. Akaukata vipande kama anakata muhogo, akatoboa kila kipande kwa chuma cha moto, akatoa ile mipira iliyolegea, akapanga miti. Akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Huku nyuma mama anazunguka uani: "Jamani, nani ameona mchi wangu?"

"Siku hizi wachawi wamezidi, dada," mjomba alijibu kutoka chini ya gari, nywele zake zimejaa unga wa mbao.

Nikamwambia, "Mjomba, mpira ulikuwa unakula mtetemo. Ukiweka mti, mtetemo wote utakuja kwetu."

"Umesoma wapi?"

"Sijasoma. Mimi ndiye nakaa kiti kile chenye msumari."

Hakusikia. Mtu mzima akishakata mchi wa dada yake hawezi tena kurudi nyuma.

Tukatoka kujaribu. Nilipakata sufuria ya maji badala ya togwa. Njiani tukampakia mwinjilisti wa kwetu, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alikuwa anakwenda kuongoza maombi kijiji cha pili. Akapanda akishukuru. Mjomba akatia gea, na gari zima likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi. Si injini tena, ni gari zima, mbao, vioo, vitasa, na sisi tuliomo. Taa moja ya mbele ikaanza kutazama barabara, nyingine ikatazama ndege. Mwinjilisti akaona aimbe ili ajipe moyo, na ile sauti yake nzuri ikatoka kama ya mbuzi anayevushwa mto: "Bwa-a-a-a-na ni-i-i-i-pe..." Hatukujua alitaka apewe nini, maana alijiuma ulimi. Maji kwenye sufuria yangu hayakumwagika, hapana. Yaliruka. Tone moja moja, yanapanda juu kama mahindi yanayokaangwa, yananirudia usoni.

Tulipofika mlimani mjomba akapiga kelele kushinda kelele za gari: "Gea! Gea haijatoka!"

"Haijatoka!" nikamjibu. "Yametoka meno yangu!"

Mwinjilisti aliomba ashushwe. Alisema mitume walikwenda kwa miguu na kazi ikafanyika.

Tuliporudi sufuria ilikuwa kavu na kaptula yangu ndiyo imejaa. Nikamuonyesha mjomba. Akatazama sufuria, akatazama kaptula, akasema, "Mama mkwe atashika chungu vizuri kuliko wewe."

Hapo nikaona kabisa kwamba mtu huyu atamkosa mke. Atampeleka mama mkwe wake mlimani akitetemeka mpaka kilemba kimwanguke, togwa itamwagika yote, na mtoto yule atakulia Chapwa, baba yake anamjua kwa sauti ya ekzosi tu. Nikambembeleza, nikamkejeli, nikamchorea mchangani. Ukaidi wake ulikuwa ule wa mtu anayeona aibu. Angemsikia fundi, lakini fundi wa Tunduma alishamcheka hadharani. Dada yake alikuwa bado anatafuta mchi. Mimi nilikuwa mtoto wa shule.

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye mjomba hakuweza kumbishia, kwa sababu hakuruhusiwa kumjibu.

Nikaenda Chapwa kupanga siku. Bibi akasema Jumamosi. Akaongeza, "Na aje na kuku." Basi, hayo tu. Lakini njia ya kurudi ni ndefu na baiskeli haina mazungumzo. Mbele yangu walikuwa wanatembea wasichana watatu wametoka kuchota maji, vyungu vimejaa vichwani, wanacheka na kugeuka na kunitukana jinsi nilivyopanda baiskeli, na hakuna hata tone lililoanguka. Kichwani wameweka ngata, majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa yakakaza. Nikashuka nikawafuata kwa miguu nikitazama. Wakadhani nimependa mmoja wao, wakanitukana zaidi.

Nilipofika kwa mjomba nilikuwa na ujumbe mzito. Nikavua kofia kabisa.

"Mama mkwe amesema Jumamosi. Uje na kuku. Halafu amesema hivi, nami narudia kama alivyosema: 'Mwambie mkwe, chungu hakikai juu ya kichwa kitupu, kitapasuka. Wala hakikai juu ya mto wa pamba, kitayumba. Chungu kinakaa juu ya ngata. Atoe hiyo miti.'"

Mjomba akachungulia chini ya gari. "Amejuaje kama nimeweka miti?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Mama mkwe," nikasema, "ni mama mkwe."

Akakubali kwa kichwa. Jibu hilo halina mpinzani.

Akaingia chini ya gari siku ile ile. Vile vipande vya mchi alivyovitupa uani mama alivitambua kwa alama ya moto aliyoutia mchi wake zamani, na kwa muda fulani kazi ilisimama kwa sababu fundi alikuwa amekimbilia juu ya mparachichi. Alipoteremka tukatafuta tairi la lori lililokufa, lile lenye nyuzi ndani. Hapo ndipo penye siri yote. Mpira mtupu ni laini, lakini mpira wenye nyuzi umesokotwa kama ngata, unakubali kidogo halafu unasema basi. Tukakata visahani, kimoja juu ya mguu wa injini na kimoja chini, washa kubwa ya chuma kila upande, bolti katikati. Upande wa kushoto, kule inakopenda kuchungulia, tukaweka mgongo wa tairi, ambao ni mgumu zaidi. Nati tulikaza mpaka mpira ukaanza kutoa tumbo nje kidogo, tukaishia hapo. Mjomba alitaka kuendelea kukaza. Nikamwambia, "Mama mkwe amesema usizidishe."

"Hata hilo amelisema?"

"Kwa kinywa chake."

Juu yake tukapiga paa la bati la debe, oili isidondokee mipira mipya. Tukawasha kwa hendeli. Injini ikanyanyuka kidogo tu, kama mzee anayesalimia bila kuinuka kitini, ikatulia. Mjomba alipangusa boneti kwa mkono wa shati lake la kanisani.

Jumamosi tukafika Chapwa na kuku wetu. Tulitundika shuka kati ya viti vya mbele na nyuma, na kile kioo cha kutazamia nyuma mjomba alikivika soksi, asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Mke wake alisimama mlangoni na mtoto. Mjomba alimtazama kama mtu anayetazama mvua ya nchi jirani. Bibi akapandishwa nyuma, chungu magotini, togwa imejaa mpaka mdomoni. Mimi nikakaa mbele, shingo upande, sikio moja kwa kila mkwe.

Hatujafika mbali bibi akaanza. "Mume wangu, muulize mkwe kama mashimo haya aliyachimba yeye."

"Mjomba, anauliza kama mashimo umeyachimba wewe."

"Mwambie mama ni ya serikali."

Nikageukia shuka. "Anasema leo umependeza."

"Mwongo! Hajaniona."

"Anasema ameota."

Mjomba akanipiga kofi la kisogo bila kutoa macho barabarani.

Tukafika chini ya kilima. Utani ukaisha wenyewe. Mjomba alitia gea ndogo, na mkono wake ukabaki juu ya fimbo, umeikaba. Gari likaanza kupanda. Injini ikanguruma, mimi nikawa nasikiliza ile klap. Tulipita mahali lilipoachia mara ile. Mibuni iliyovunjika ilikuwa bado imelala.

"Mume wangu," sauti ikatoka nyuma, taratibu. "Mwambie aondoe mkono."

Ndipo nilipojua kwamba lile shuka lina tundu.

"Mjomba, anasema uondoe mkono kwenye gea."

"Ikitoka?"

"Bibi, anasema ikitoka je?"

"Ikitoka nitajua. Gea nzima haishikwi shingo kama mwizi."

Mjomba akauinua mkono. Aliuinua hewani kidogo tu, vidole vimetanuka. Fimbo ya gea ikatikisika, ikacheza kidogo kama inafikiri, ikabaki. Gari likapanda, likapanda, mpaka barabara ikalala na upepo wa juu ukatupiga. Mjomba akasimamisha. Nikachungulia nyuma ya shuka. Chungu kimejaa. Pembeni kulikuwa na unyevu kidogo, lakini huo bibi aliufuta upesi kwa kidole na kukilamba. Akanitazama kwa jicho la kuniziba mdomo.

Mjomba alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, jambo baya sana kuliona kwa mtu mwenye masharubu. "Mpwa wangu, mwambie mama, mwambie nashukuru sana kwa ile ngata."

"Ngata gani?" ikauliza sauti ya nyuma.

Mdomo mmoja wa kati ukakauka.

"Ile aliyoniagiza," mjomba akasema. "Nitoe miti, niweke..."

"Mimi? Mimi niliagiza kuku tu!"

"Lakini mama, ulisema chungu hakikai juu ya kichwa kitu..."

Akanyamaza. Walikuwa wamesemezana, uso kwa shuka, bila mdomo wangu, na bila mtu kulishwa. Injini peke yake iliendelea kuongea kwa upole, tuku tuku tuku. Mjomba alijifunika uso kwa kofia. Nyuma bibi alikuwa amejitupia kanga kichwani, nikasikia anasema kwa Kinamwanga maneno ambayo mtu wa kanisa hatakiwi kuyajua.

Nikangoja dunia iishe. Haikuisha. Baada ya muda kanga ilifunuliwa.

"Mume wangu."

"Naam, mke wangu."

"Wewe ni mwongo wa ajabu."

"Ndiyo, bibi."

"Nipe kikombe."

Hapakuwa na kikombe. Kulikuwa na kile kifuniko cha chupa ya chai ya mjomba. Bibi akachota togwa, akapitisha mkono chini ya shuka, mkono wenye bangili za shaba, ukamfikia mjomba kifuani.

"Anywe. Ngoma kina mama watapiga siku yake. Leo tunafungua midomo tu, maana imeshafunguka yenyewe kama gea yake."

Mjomba akanywa akitazama mbele. Akachotewa tena. Na mimi nikachotewa. Bibi naye akanywa, akasema imechacha vizuri. Tukashuka kilima polepole tunaongea watatu, ingawa bado hakuna aliyemtazama mwenziwe, na mimi kwa mara ya kwanza nilikosa kazi.

Chapwa mke wa mjomba alikuwa amesimama pale pale. Alikuja moja kwa moja mlango wa nyuma, akainamia chungu. Kilikuwa nusu.

Akageuka, akaanza kurudi ndani, na mtoto mgongoni kichwa kinayumba.

"Ngoja!" bibi akapiga kelele. "Haikumwagika! Ameinywa mkwe!"

"Mama," mke wa mjomba akasema bila kugeuka, "mkwe anakunywaje kwako hajalishwa? Na wewe umeanza kumtetea?"

"Nimemlisha mwenyewe, baada ya huyu mume wangu mwongo kutukoroga! Muulize mkwe!"

"Kweli, nimelishwa," mjomba akasema kutoka mbele.

Sasa akageuka. Akamtazama mama yake, akaja mpaka dirisha la mbele, akamtazama mume wake kwa muda. Masharubu ya mjomba yalikuwa meupe pe, yamegandamana kwa togwa kama ya mzee. Akayagusa kwa kidole, akanusa kidole. Mdomo wake ukaanza kumsaliti kwa pembeni.

"Kilimani," akasema, "mimi nitafumba macho. Wewe usifumbe."

"Sitafumba."

"Na huyu mwongo akae nyuma."

Nikahamishiwa nyuma pamoja na mafurushi, mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu ambaye bibi alimtoa kwa ajili ya mjukuu. Shuka lilishatolewa, kwa hiyo niliwaona. Kilima kilipoanza mke wa mjomba alifumba macho kweli, akashika kiti kwa mikono yote miwili. Tulipofika juu alifumbua jicho moja, halafu la pili, akamvuta mtoto mbele na kuanza kumnyonyesha, anamsimulia mume wake habari za Chapwa nani kafa na nani kaoa, kana kwamba alikuwa ametoka jana. Mimi huko nyuma nilimwomba mjomba mara mbili asimamishe. Hakusikia. Jogoo alikuwa ameshanifanyia mambo yake kwenye kaptula ya shule, na shule inafunguliwa Jumatatu.